Ahadi, Uzi na Kibarua: Juu ya Istilahi za Utendaji wa Programu za Tovuti

Nia ya makala haya ni kuchunguza dhana mbili za sayansi ya kompyuta ambazo ni rahisi mno kuchanganywa zinapoelezwa kwa Kiswahili: dhana ya ahadi na dhana ya uzi. Zote mbili zahusu namna programu ya tovuti iwezavyo kushughulikia mambo mengi pasipo kumkwamisha mtumiaji. Lakini moja ni mpango wa kungoja, na nyingine ni mkono wa kufanyia kazi. Mwanafunzi aelezwaye kwamba programu yenye ahadi kumi hufanya kazi kumi sambamba amepotoshwa, na upotovu huo hauponi kwa kukariri maagizo ya lugha ya programu. Utadhihirika siku ukurasa wake utakapoganda mbele ya mtumiaji, naye asijue kwa nini.

Yamkini msomaji wa jarida la lugha atauliza jambo hili lamhusu nini. Lamhusu kwa kuwa istilahi za fani hii zingali zikitafutwa, na zisipotafutwa na wenye kuijua lugha zitaokotwa njiani. Tumekwisha kuona mashine moja ikiitwa kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Wako walioshika kalamu kuligombania jambo hilo, lakini kwa maoni yetu hasara yake ni ndogo: kitu kimoja chenye majina matatu humchosha msomaji, hakimdanganyi. Vitu viwili vyenye jina moja ndivyo hudanganya.

Tuanze na uzi. Programu ni mfululizo wa maagizo, na uzi ni ule mwendo mmoja wa kuyatekeleza, moja baada ya jingine, kama shanga zilivyofuatana katika uzi wake. Programu yenye nyuzi mbili ina miendo miwili, na kila mmoja waweza kuwa mahali pake. Prosesa yenye viini vinne yaweza kuendesha nyuzi nne kwa wakati ule ule hasa. Nyuzi zikizidi viini, mfumo wa mashine huzigawia zamu fupi fupi hata mtazamaji akadhani zaenda pamoja. Hapa tayari Kiswahili chatupa maneno mawili yafaayo. Kazi zipokezanazo uzi au kiini kimoja zaenda *kwa zamu*. Kazi zitendwazo na viini mbalimbali kwa wakati mmoja zaenda *sambamba*. Tungependa neno sambamba lisitumiwe kamwe kwa zile za kwanza.

Lugha ya JavaScript, ambayo ndiyo itumikayo katika vivinjari vyote vya intaneti, iliundwa na Brendan Eich mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, na toleo lake la awali lilitayarishwa kwa muda wa siku kumi hivi. Katika ukurasa wa tovuti, programu za lugha hiyo hupewa uzi mmoja tu, na uzi huo huo ndio upokeao mibofyo ya mtumiaji na ndio ushughulikao na kuupanga upya ukurasa unapobadilika. Si uchoyo. Ukurasa ni mmoja, na lau nyuzi mbili zingeruhusiwa kuushika kwa pamoja, mmoja ungeweza kuifuta aya wakati mwingine waandika ndani ya aya ile ile. Uzi mmoja huondoa ugomvi huo tangu mwanzo.

Lakini kazi ya programu ya tovuti, kwa sehemu kubwa, ni kungoja: kungoja jibu la seva iliyo mbali, kungoja faili, kungoja mtumiaji abofye. Lau uzi ule mmoja ungesimama kila inapobidi kungoja, ukurasa ungekuwa mfu muda mwingi, hasa kwa mwenye simu ya bei nafuu na mtandao wa kusuasua. Kwa hiyo uzi hausimami. Ombi hukabidhiwa kivinjari chenyewe, uzi ukaendelea na mengine, na jibu lifikapo huwekwa katika foleni. Uzi ukimaliza kazi uliyo nayo, huchukua ya mbele katika foleni, huitenda mpaka mwisho, kisha huchukua nyingine. Ni kama baraza ambamo msemaji hakatizwi kauli. Wasemaji wakiwa wafupi, kila mtu hupata nafasi. Mmoja akiwa mrefu wote watamngoja, hata aliyekuja na habari ya moto.

Ahadi ni chombo cha kuuratibu utaratibu huo. Kabla yake, mwandishi wa programu aliyetaka jambo la pili lifuate jibu la kwanza alilazimika kulitia jambo la pili ndani ya ombi la kwanza, la tatu ndani ya la pili, na kuendelea, hata maandishi yakawa kama sanduku ndani ya sanduku. Ahadi iliyatoa yote nje. Unapotuma ombi, hupewi jibu, maana jibu halijawako. Hupewa kitu kishikacho mahali pa jibu. Mfano wake ni kile kipande cha karatasi chenye nambari upewacho na fundi cherehani. Si nguo, wala hakikupi joto, lakini waweza kukitia mfukoni, waweza kumpa mwenzio akakuchukulie, na waweza kupanga shughuli zako za Ijumaa ukikitegemea.

Jina lenyewe lina historia, na historia hiyo yaeleza kwa nini watu hukosea. Lilipendekezwa na Daniel Friedman na David Wise mwaka 1976, katika maandishi juu ya mashine zenye prosesa nyingi. Mwaka uliofuata Henry Baker na Carl Hewitt wakaeleza dhana iliyo jirani nayo na kuitumia neno la Kiingereza lenye maana ya wakati ujao, nao pia walikuwa wakifikiria hesabu zifanywazo sambamba. Mwaka 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira wakaitumia ahadi kwa programu ziitanazo kutoka mashine moja hadi nyingine. Katika JavaScript ahadi iliingia rasmi katika kanuni za lugha mwaka 2015, baada ya kutumiwa kwa miaka kadhaa katika maktaba za watu binafsi. Basi neno lilizaliwa mahali penye mikono mingi, likahamia katika lugha ambayo ndani ya ukurasa ina mkono mmoja. Ajaye kutoka lugha ya Java au C++, ambako vitu vya jamii hiyo huambatana mara nyingi na nyuzi za kweli, huja na matarajio ya kwao. Neno likihama hubeba mizigo yake, kama tujuavyo sote tulioshughulika na maneno ya mkopo.

Tukija kwenye hali za ahadi, twaona Kiswahili kina hazina ambayo Kiingereza hakina. Ahadi ina hali tatu: ama matokeo yangali yakingojwa, ama yamepatikana, ama jambo limekuwa haliwezekani. Kwa hali ya kwanza Kiingereza huazima neno la ofisini, lile lisemwalo juu ya faili lililolala mezani. Sisi tuna kiambishi *-ja-*. Mtu akisema *haijatimia*, hakusema kwamba haikutimia, wala hakusema kwamba itatimia. Ameiacha milango yote miwili wazi, na papo hapo ametujulisha kwamba jambo lingali likitazamiwa. Wanasarufi wamekieleza kiambishi hiki kwa muda mrefu, na Ashton alikipa nafasi yake katika sarufi yake ya 1944, lakini sidhani kama yeyote kati yao aliota kwamba mashine ingekihitaji.

Hali ya pili ni *imetimia*. Twasisitiza *kutimia*, si *kutimizwa*: kauli ya kutendwa humwita mtendaji, nasi hatutaki mwanafunzi aanze kumtafuta. Kwa hali ya tatu wengi wataelekea kusema *imevunjika*, kwa kuwa ndivyo tusemavyo ahadi za watu. Hapa ahadi ya programu yaachana na ya binadamu. Mtu akivunja ahadi pana lawama. Seva ikijibu kwamba faili halipo, hapana aliyekosa uaminifu. *Imeshindikana* ndilo neno la haki. Nayo ahadi ikisha kutimia au kushindikana haigeuki tena. Ukiiuliza mara mia itakupa jibu lile lile.

Mambo yafuatayo ahadi huandikwa kama mnyororo: matini yaletwe, kisha yakatwe maneno, kisha maneno yahesabiwe. Msomaji wa Kiswahili atavutwa kuusoma mnyororo huo kwa *-ka-* ya masimulizi: yakaletwa, yakakatwa, yakahesabiwa. Mvuto huo una ukweli, kwa kuwa *-ka-* hufunga tendo na lililotangulia. Hata hivyo *-ka-* hiyo husimulia yaliyokwisha kutukia, na mnyororo haujasimulia lolote, umeagiza tu. Twaona ni salama zaidi kuusoma kwa *-kisha-*: yakishafika, yakatwe; yakishakatwa, yahesabiwe. Tofauti si ya mapambo. Tuseme programu yaagizwa kuandika nambari 1, kisha yapewa ahadi ambayo tayari imetimia na kuambiwa, ikishatimia andika 2, na mstari wa chini wasema andika 3. Mwenye kusoma kwa *-ka-* atatarajia 1, 2, 3. Mashine itaandika 1, 3, 2. Agizo la ahadi, hata ikiwa ahadi yenyewe imetimia zamani, hungoja mpaka maandishi yanayosomwa sasa yamalizike. Ndipo lipate nafasi, mbele ya yale yaliyo katika foleni ya kawaida lakini nyuma ya msemaji aliye na zamu.

Sasa twaweza kulikabili kosa lenyewe kwa hesabu. Tuseme ukurasa waomba faili kumi kutoka seva, na kila faili huchukua sekunde 2 kufika. Tukiomba moja, tukalingoja, ndipo tukaomba la pili, tutatumia sekunde 20. Tukiyaomba yote kwa mara moja, tukazikusanya ahadi zake kumi na kungoja zote zitimie, tutatumia kama sekunde 2 na ushei, mradi mtandao na seva vyaweza kuyabeba yote kwa pamoja. Faida ni kubwa, na ndiyo imwaminishayo mwanafunzi kwamba ahadi imeleta mikono kumi. Haikuleta. Kungoja kumi kumelaliana tu, kama vile mtu mmoja awezavyo kungoja wageni kumi kwa wakati mmoja.

Badala ya kungoja, tuweke kazi. Mhadhiri ana matini ya Kiswahili yenye maneno mamilioni, na ataka programu ichambue kila kitenzi: *hawatakupigia* kikatwe kuwa *ha-wa-ta-ku-pig-i-a*, na viambishi vihesabiwe. Ayagawa matini mafungu kumi, kila fungu lahitaji sekunde 2 za hesabu, na kila hesabu aitia ndani ya ahadi yake. Muda utakuwa sekunde 20, kama hapo kwanza, na katika sekunde hizo uzi utafanya fungu la kwanza, la pili, la tatu, mmoja ule ule. Kubaya zaidi ni kwamba ukurasa utaganda: kitufe hakitabonyea, maandishi hayatasogea. Maagizo yatiwayo ndani ya ahadi mpya hutekelezwa papo hapo, ahadi inapoundwa, katika uzi uliopo. Kuiita kazi ahadi hakuiondoi mezani. Wala neno lile la kungojea, lililoongezwa katika lugha mwaka 2017 ili ahadi zisomeke kama maandishi ya kawaida, halibadilishi hili. Huliweka kando fungu moja la maagizo mpaka ahadi yake itimie, lakini halileti mtenda kazi wa pili.

Mtenda kazi wa pili yupo, ila ana jina lake. Vivinjari vilianza kumruhusu karibu na mwaka 2009, na Kiingereza kilimwita mfanyakazi. Twapendekeza aitwe *kibarua*, na si kwa mzaha. Kamusi zetu kongwe zaeleza kwamba neno hili lilikuwa kwanza udogo wa *barua*, cheti au kikaratasi. Likapewa mtu wa kazi ya kutwa kwa sababu alikuwa akipokea kikaratasi cha kudaia ujira wake. Mtenda kazi wa kivinjari ni hivyo hivyo. Ana uzi wake, kumbukumbu yake na foleni yake. Haruhusiwi kuugusa ukurasa. Wala hawezi kukitazama kilichomo mezani kwa uzi mkuu. Njia yao ya kuzungumza ni barua. Uzi mkuu humwandikia, naye hujibu, na kiandikwacho katika barua kwa kawaida hunakiliwa, kila upande ukabaki na nakala yake. Kwa hiyo hakuna wawili wanaogombania kitu kimoja, ingawa kweli sasa wanafanya kazi sambamba.

Ahadi nayo hurudi hapa, katika kazi iliyo yake: kumngoja kibarua. Uzi mkuu utumapo barua huipa nambari, huunda ahadi, na huiandika katika daftari pamoja na nambari hiyo. Jibu likija na nambari 7, ahadi ya 7 hutafutwa na kutimizwa, nayo hufutwa daftarini. Kibarua akipatwa na hitilafu, ahadi zake zote zilizomo daftarini hazina budi kutangazwa kuwa zimeshindikana, na tangazo hilo ni juu ya mwandishi wa programu kuliandika. Asipoliandika, zitabaki *hazijatimia* mpaka ukurasa ufungwe, na mtumiaji atautazama mduara ukizunguka pasipo mwisho. Maana ahadi hii haina *miadi*. Lugha yetu huyatenga maneno hayo mawili kwa uzuri: ahadi ni jambo lililokubaliwa, miadi ni wakati wake. Atakaye miadi huunda ahadi ya pili ishindikanayo baada ya, tuseme, sekunde 5, akazishindanisha mbili hizo. Na hata hapo ahangaike kidogo, kwa kuwa ahadi iliyoshindwa mbio haijaisimamisha kazi. Kibarua angali akikata vitenzi kule aliko. Kumsimamisha ni agizo jingine.

Matini ya mhadhiri wetu yakigawiwa vibarua wanne katika mashine ya viini vinne, sekunde 20 zaweza kushuka hata zikakaribia 5. Hazitafika 5 kamili, kwa sababu kumwajiri kibarua kuna gharama yake na kunakili matini marefu kuna gharama yake. Vibarua hamsini katika mashine hiyo hiyo hawataleta nafuu. Watapeana zamu kwenye viini vile vile vinne, na kila mmoja atakula kumbukumbu. Gharama ya kunakili yaweza kukwepwa kwa data zilizowekwa katika akiba ya baiti: hizo zaweza kukabidhiwa badala ya kunakiliwa, na aliyekabidhi hubaki mikono mitupu, akiifungua akiba yake akute urefu wa sifuri. Neno *kukabidhi* lafaa mno hapa, nasi hatuoni haja ya kutafuta jingine.

Iko njia ya tatu, ya kumbukumbu ya shirika, ambamo uzi mkuu na vibarua hutazama baiti zile zile. Hapo ugomvi ulioepukwa mwaka 1995 hurudi. Vibarua wawili wahesabuo vitenzi waweza wote kuisoma hesabu ikiwa 7, kila mmoja akaongeza moja, na kila mmoja akaandika 8. Kitenzi kimoja kimepotea na hapana atakayejua. Kanuni za lugha za mwaka 2017 zilileta kumbukumbu hiyo pamoja na maagizo ya kuongeza yasiyoweza kukatizwa katikati. Mnamo Januari 2018 vivinjari vikaifunga, kwa kuwa kasoro ya prosesa iliyoitwa Spectre ilikuwa imedhihirisha kwamba yaweza kutumiwa kupima muda kwa usahihi mkubwa na hivyo kuvujisha siri. Baadaye ikarudishwa kwa kurasa zilizokubali kutengwa na nyingine. Kibarua aweza kulala akingoja thamani fulani ya kumbukumbu hiyo ibadilike. Uzi mkuu wa ukurasa haukubaliwi kulala, kwa sababu zile zile tulizoeleza juu ya baraza. Kwa ajili yake kanuni za mwaka 2024 ziliongeza namna nyingine ya kungoja, na kile ambacho uzi mkuu hupewa inapobidi kungoja ni ahadi.